Betri Iliyoanikwa Juani

Mwanangu wa mwisho hasikii kwa sikio la kushoto. Ukitaka akujibu, kaa upande wake wa kulia. Jicho la upande huo wa kushoto linaona, lakini linaona kama mtu anayechungulia kupitia chandarua. Wageni hudhani alizaliwa hivyo, wakanipa pole kwa sauti ya chini, nami huwaambia kwamba nilimzaa mzima. Alipunguzwa mchana kweupe, siku ya Ijumaa, kando ya barabara ya Morogoro pale Misugusugu, na watu waliokuwa wamekunywa chai na kuagana na watoto wao asubuhi ileile. Walimpunguza kwa sababu ya betri ya simu. Mjukuu ninayemtamkia maneno haya ni binti yake, na nimemwamuru aandike kama ninavyosema, asiondoe hata kofi moja.

Simu ilikuwa yangu. Watoto wangu walichanga wakaninunulia ile kubwa ya kioo, ili nikiwa Kisarawe niwaone nyuso zao na wao wauone wangu. Mimi sikupelekwa shule. Walipotaka kunifundisha kuifunga kwa namba nilikataa, kwa maana namba si rafiki zangu. Nikachagua kufungua kwa dole gumba, na dole likikataa, kwa kuchora. Mchoro wangu ulikuwa jembe: mpini unashuka, kisha unakata kwenda kulia. Hakuna aliyewahi kunikuta nimeusahau.

Mwanzoni simu ile ilikuwa na adabu. Ukiipa umeme usiku, ilikaa nawe mpaka kesho yake jioni. Kisha ikaanza uongo. Mjukuu mwingine niliyekuwa naye hapa alikuwa akinisomea, "Bibi, ina asilimia arobaini," na kabla hajafunga mdomo kioo kimekuwa cheusi. Ukiirudisha kwenye umeme inaamka, inasema ina thelathini, unaipokea, inakufa sikioni mwako katikati ya salamu. Ilipata joto pia. Nilizungumza na mwanangu huyu wa mwisho nikahisi shavu linaungua kama nimeegemea sufuria.

Mume wangu aliamua kuitibu. Nitasema alivyoitibu, kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa, na simsemi kwa kumdhihaki. Katika nyumba yetu, tangu tulipooana, betri za redio zikichoka huanikwa. Tunatandika mkeka uani, upande mmoja makopa ya muhogo, upande mwingine betri zimelala kama dagaa, na jioni ukizirudisha redio inasema tena, walau taarifa ya habari iishe. Jambo hilo ni kweli. Tumelifanya miaka mingi, na majirani wote wamelifanya. Basi mume wangu akasema betri ni betri. Kila adhuhuri akawa anailaza simu yangu mkekani, kioo chini, mgongo juani, na kuigeuza kama anavyogeuza makopa.

Jua la Kisarawe halikuiponya. Mgongo wa simu ulianza kunyanyuka kama kifuniko cha chungu kinachochemka. Ukiiweka mezani ilicheza, haikutulia. Nikaipeleka kwa fundi wa pale mjini Kisarawe, naye alipoishika tu aliirudisha mezani kwa vidole viwili.

"Shikamoo bibi. Nani kaipika hii?"

"Marahaba. Haikupikwa, imeanikwa."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba betri ya redio na betri ya simu hazina undugu. Ile ya redio joto huiamsha, hii ya simu joto huiua. Akasema simu yenyewe ndani yake huandika uzima wa betri, na uzima huo ukishuka chini ya asilimia themanini, mwenye akili huanza kutafuta nyingine. Ikianza kuzima ghafla ilhali inadai imeshiba, asitafute tena, abadilishe. Na ikivimba, basi siku zake za kuitwa betri zimekwisha. "Hii sasa ni bomu dogo, bibi. Usiichaji. Usiibonyeze. Usiitoboe. Nenda Kibaha wakaitoe, mimi ya aina hii sina."

Nilikwenda Kibaha kwa sababu mwanangu alikuwa akiishi huko, chumba cha kupanga Misugusugu, na kazi yake ilikuwa kupakia mifuko ya chokaa kiwandani Zegereni. Nilifika Alhamisi. Ijumaa asubuhi alitoka zamu akiwa mweupe kwa vumbi, nywele, kope, mpaka masikioni. Nikamwambia aoge kwanza. Akasema, "Mama, nikioga nitalala. Twende tumalize hili la simu, ndipo nioge niwahi swala." Nilikubali, kwa kuwa alikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto.

Fundi wa pale barabarani aliiwasha kidogo asome aina yake. Iliwaka, akasoma. Akasema betri yake anayo mwenzake, ng'ambo, karibu na wauza mbao. "Kaka, kimbia nayo ukaifananishe. Jamaa anafunga saa hizi aende msikitini." Mwanangu akaichukua simu mkononi, akaangalia magari, akavuka akikimbia. Mimi nilibaki kwenye benchi la fundi.

Sikujua kwamba muda mfupi kabla ya hapo, mbele kidogo ya wauza mbao, vijana wawili wa pikipiki walikuwa wamempokonya mwanamke simu sikioni wakatokomea. Sikujua kwamba watu walikuwa wamesimama barabarani hasira zimewajaa na hawana wa kumpa. Akawatokea mtu mchafu, anakimbia, ameshika simu kubwa ya kioo.

Nilisikia kelele. Ukelele wa mwizi una sauti yake, hauhitaji kufasiriwa. "Huyoo! Huyoo! Mwizi!" Fundi aliinuka akachungulia, akakaa. "Wamemnasa," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikauliza wamemnasa nani. Akaangalia tena, na safari hii hakukaa.

Barabara ile niliivuka bila kuangalia magari.

Walikuwa wamemzunguka. Kupitia katikati ya miguu yao nilimwona amepiga magoti, mikono juu ya kichwa, na vumbi lake jeupe limechorwa mistari myekundu kutoka sikioni mpaka shingoni. Mmoja alimpiga ubao ubavuni. Nilisikia ubao, kisha nikasikia pumzi yake ikitoka yote. Mwingine alimkanyaga kiganja kwa kisigino, akakisaga taratibu, kama mtu anayezima kipande cha sigara. Mwenye nondo alikuwa anasubiri nafasi. Hawakuwa walevi. Muuza mbao alimpiga akiwa bado na penseli yake sikioni.

"Simu ya nani?"

"Ya mama yangu."

Wakaangua kicheko. "Mama yako! Mama yako ana simu hii, wewe una kandambili za rangi mbili?"

"Ameileta tubadilishe betri. Yuko pale ng'ambo. Muulizeni fundi."

"Ifungue basi, kama ya mama yako."

Akaibonyeza kwa mkono uliobaki mzima. Kioo kikamulika, kikaonyesha ile alama ya kuamka, kikafa. Akabonyeza tena. Kikafa. Nondo ikamshukia sikioni. Alianguka kiubavu na hakuweka mikono chini kujikinga, ndipo nikajua kwamba kuna kitu ndani ya kichwa chake kimeondoka.

"Kaizima kwa ujanja! Hao wanajua kuzizima!"

Mtu akafungua chupa ya maji iliyokuwa na petroli akammiminia mgongoni na kwenye suruali. Harufu ikanifikia kabla sijawafikia. Tairi lilikuwa linabiringishwa kutoka upande wa gereji, na anayelibiringisha alikuwa anaimba.

Nimelea watoto, nimefukuza nguruwe mashambani, nimezika. Najua kwamba ukilia mbele ya watu walioshika silaha, unawaongezea nguvu. Niliingia katikati yao kwa viwiko, nikasimama juu ya mwanangu, mguu mmoja huku na mguu mmoja huku, nikasema kwa sauti ninayowaitia walioko bondeni:

"Hakuna hapa aliyefundishwa kuamkia?"

Mwenye nondo aliniangalia, akaishusha kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Shikamoo," wakafuata wengine, mmoja hapa, mmoja pale, wenye haya machoni, na mmoja aliyebinua midomo. Niliwaitikia wote bila haraka, kwa maana kila shikamoo ilikuwa pumzi moja zaidi ya mwanangu.

"Simu ni yangu," nikasema. "Nimetoka Kisarawe kuja kuitengeneza. Huyu nimemzaa mimi."

"Oya bi mkubwa, kila mwizi ana mama," akasema mmoja aliyevaa fulana ya timu ya mpira, ambaye ndiye aliyeishika simu sasa. Alikuwa kijana mwenye uso mzuri. Nautaja uso wake kwa kuwa nitarudi kwake. "Kama ni yako, iwashe wewe."

Mwanamke aliyeibiwa alikuwapo, wakamsogeza mbele. Nikamwomba aseme kama ndiyo yake. Aliitazama simu, akanitazama mimi, akatazama damu. "Yangu nayo ilikuwa nyeusi," akasema. "Inafanana." Akarudi nyuma.

Niliipokea simu mkononi mwake, nikaibonyeza. Ilikuwa ya moto, na mgongo wake umeinuka mpaka nikaona mwanga katikati ya mgongo na ubavu. Nikasoma Bismillahi. Ikaja ile alama. Wote wakainama kutazama, wauaji na mimi, vichwa vyetu vikakaribiana kama watu wanaosoma barua ya msiba. Ukurasa ukafunguka, nikaweka dole gumba. Likakataa. Simu iliyotoka kufa haikubali dole, inataka mchoro kwanza. Hilo nalijua sasa, na nililijua siku ile, ila haraka ilinitangulia. Nikaanza kuchora jembe. Mpini nilishusha. Kabla sijakata kwenda kulia, kioo kikawa cheusi.

"Mmeona? Dole limemkataa! Hajui hata kuifungua!"

"Bibi naye ni mwizi. Wametumwa!"

Mtu alinishika kanga kwa nyuma akanivuta, nikaanguka juu ya miguu ya mwanangu, na petroli ikaingia kwenye nguo zangu pia. Tairi lilikuwa limefika. Nikaanza kusema na Mungu. Sikupaza sauti, midomo tu ilikuwa inakwenda.

Yule wa fulana ya mpira akasema, "Basi kama kila mtu anasema ni yake, isiwe ya mtu." Akainyakua simu, akaiweka juu ya kipande cha zege ukingoni mwa mtaro, kioo chini, ule mgongo uliovimba juu, akanyanyua tofali kwa mikono miwili. Kabla hajalishusha alinitazama usoni, nami nilikuwa bado natembeza midomo.

Akalishusha.

Simu ilipuliza kama nyoka kifutu aliyekanyagwa. Ulitoka moshi mweupe, mzito, wa kukaba koo, na ndani ya moshi ule ukaruka moto mrefu kama mkono, ukalamba vidole vyake, ukapanda kwenye fulana, na fulana ya namna ile haiungui, inayeyuka. Alipiga yowe ambalo mpaka leo nikilikumbuka sitaki lipungue. Alikuwa anapunga mkono na moto unakwenda nao.

"Kaiwasha kwa mdomo! Nimemwona! Midomo ilikuwa inacheza!"

"Si kasema katoka Kisarawe, kwa waganga?"

Wakarudi nyuma kwa pamoja, kama maji ya beseni lililogongwa. Nondo ilianguka. Tairi likaendelea kubiringika peke yake mpaka mtaroni.

Wao waliogopa uchawi. Mimi niliogopa petroli. Moto ulikuwa umbali wa mkeka mmoja kutoka mgongoni mwa mwanangu, na vipande vya simu vilikuwa vinatema cheche. Nikamshika makwapani. Mtu mzima aliyezimia ni mzito kuliko gunia la makopa yaliyolowa. Nilimburuta kwa kurudi nyuma, nikamchania shati nikalitupa, nikamvua suruali mbele za watu, nami nikavua kanga yangu ya juu iliyolowa. Nikasimama na gauni la ndani barabarani, mimi mwenye wajukuu, nikawatazama mmoja mmoja.

"Nani anataka nyingine?"

Sikuwa na nyingine. Lakini walikwenda. Wengine walikimbia, wengine walitembea haraka wakijifanya wana shughuli. Penseli ya muuza mbao niliiona chini, kwenye damu. Aliyebaki ni mwanamke aliyeibiwa simu. Alinifunika kwa kanga yake, akasimamisha bajaji, na hakuinua macho yake mpaka tunaondoka.

Hospitalini walisema ngoma ya sikio imepasuka na haitarudi, mbavu zitaunga, kiganja kitaunga kwa shida, jicho tusubiri. Polisi tuliwapelekea habari. Kila aliyeulizwa pale Misugusugu alisema siku hiyo alikuwa ameshakwenda msikitini. Yule fundi alikuja kumwona mgonjwa, amebeba machungwa. Akakaa, akasema:

"Bibi, mshukuru Mungu betri ilikuwa mbovu. Ingekuwa nzima isingeripuka vile."

"Ingekuwa nzima ingewaka," nikamjibu, "na mwanangu angewaonyesha picha yangu, akarudi kwenye benchi lako na masikio yake mawili."

Akaacha machungwa akaenda.

Nilimleta mwanangu Kisarawe, na mkewe na binti yake wakafuata. Mume wangu alimtazama, akatoka uani, akaziokota betri za redio mkekani, zote, akazitumbukiza chooni. Redio yetu imenyamaza tangu siku ile. Simu mpya wanangu waliniletea, na kila mjukuu akija namwambia anisomee uzima wa betri kabla hajanipa habari za kwao. Wanacheka. Mimi sicheki.

Sasa narudi kwa yule mwenye uso mzuri.

Alikuja asubuhi moja wakati tunamenya muhogo. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisu katika mkono ulio mzima, muhogo ameuzuia kwa ule uliosagwa. Hodi ilipigwa na mwanamke wa rika langu. Nyuma yake kijana, mkono wa kulia umefungwa vitambaa, unanuka. Mwanamke alikuwa amebeba kuku mweupe. Sikuhitaji kuambiwa. Mkono ule niliuona ukiwaka.

"Dada yangu," mwanamke akasema, baada ya salamu, akiwa bado amesimama kwa kuwa sikumkaribisha kukaa. "Mimi ni mama yake. Tumezunguka hospitali mbili, jeraha halifungi. Tumekuja utoe ulichokiweka. Tumekosa."

"Sikuweka kitu. Ilikuwa betri."

"Betri gani ya simu inatoa moto kama jiko?"

"Iliyochoka, ikaanikwa juani, ikavimba, kisha ikapigwa tofali. Mpelekeni hospitali ya tatu. Mkono unaoza, haujarogwa."

Kijana akasema kwa mara ya kwanza, bila kuinua kichwa, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Siku ile hukuniamkia."

Akauinua ule mkono uliofungwa. "Kama ilikuwa betri, mbona midomo yako ilikuwa inacheza?"

"Nilikuwa naomba dua."

Mama yake akamshika kuku kwa nguvu mpaka yule kuku akapiga kelele. "Uliomba nini, dada yangu?"

Sikuona sababu ya kusema uongo nyumbani kwangu. "Niliomba mwanao afe kabla ya wangu."

Yule mama alikaa chini, kwenye vumbi, bila kukaribishwa. Nilimwelewa. Angekuwa yeye, angeomba lilelile.

Ndipo kijana akapiga magoti, si mbele yangu, mbele ya mwanangu. Lakini alipiga magoti upande wa kushoto, akaanza kuomba radhi kwenye sikio lisilosikia. Alisema mengi. Alisema hakujua, alisema watu wote walikuwa wanapiga, alisema Mungu amekwishamlipa. Machozi yalikuwa yanamdondoka. Mwanangu aliendelea kumenya, ganda linatoka refu, halikatiki. Nilitazama kile kisu na ile shingo iliyoinama mahali kinapofika, na najua nilichokitaka wakati ule, na mjukuu wangu ameacha kuandika ananitazama. Andika.

Mwanangu akageuza kichwa, akamleta yule mtu upande wa jicho lake zima. Aliuangalia ule mkono, akakiangalia kiganja chake mwenyewe. Akarudi kwenye kazi yake.

"Mama," akasema, "mwambie aondoke kabla sijamaliza kumenya muhogo huu."

Kijana alinigeukia mimi.

"Umesikia," nikamwambia. "Na muhogo wenyewe si mrefu."